Uingereza Ilipotoka Ulaya, Viti Vyake Vilikwenda kwa Nani?

Katika mkutano wetu uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza: "Mtu akitoka katika umoja, kiti chake hukaliwa na nani?" Wengi walicheka, lakini swali halikuwa la mzaha, kwani sote twajua kuwa liko tawi lililoleta hoja ya kujitenga na chama hiki. Siku ile hatukupata wasaa wa kulijibu. Basi twalijibu hapa kwa mfano wa jambo lililokwisha tendeka na hesabu zake ziko wazi, nalo ni kutoka kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya.

Nchi hiyo iliingia tarehe 1 Januari 1973. Tarehe 23 Juni 2016 raia wake walipiga kura, 51.9 katika kila mia wakataka kutoka, na usiku wa 31 Januari 2020 ikatoka. Hayo kila mtu ameyasikia. Lisilosikika sana ni kuwa chama kimoja kilianza kutoka kabla ya nchi.

Wabunge wa Bunge la Ulaya hawakai kwa nchi zao, bali kwa makundi ya vyama: Mjerumani wa chama cha kihafidhina hukaa pamoja na Mhispania wa chama kama hicho, na wasoshalisti kadhalika. (Bunge letu la Afrika Mashariki huko Arusha halina mtindo huo, kila nchi hupeleka wajumbe tisa waliochaguliwa na bunge la kwao.) Kundi kubwa kuliko yote ni EPP, na viongozi wa serikali wa vyama vyake huwa na desturi ya kukutana wenyewe kabla ya mikutano mikuu ya Umoja. Chama cha Conservative cha Uingereza kilikuwa kikikaa na kundi hilo mpaka mwaka 2009, David Cameron alipokitoa, akitimiza ahadi aliyoitoa alipogombea uongozi wa chama mwaka 2005. Wakaunda kundi jingine dogo, ECR. Tangu hapo wakubwa wa EPP wakinong'ona, Cameron hayumo. Mtu aliyeacha kwenda barazani hawezi kulalamika kuwa hapati khabari.

Januari 2013, akiwa Waziri Mkuu, aliahidi kura ya raia. Ndani ya chama chake mlikuwa na ugomvi usiokwisha juu ya Ulaya, na nje kulikuwa na chama cha UKIP, ambacho mwaka 2014 kilipata viti 24 vya Bunge la Ulaya, vingi kuliko chama chochote cha kwao. Alidhani kura itauzima moto. Haukuzimika: Januari 2019 mapatano ya Theresa May ya kutoka yalikataliwa bungeni kwa kura 432 dhidi ya 202, na 118 kati ya waliokataa walikuwa wa chama chake mwenyewe!

Sasa tuje kwenye viti. Uingereza ilikuwa na viti 73. Viti 46 viliwekwa akiba na 27 vikagawiwa nchi 14. Ufaransa na Hispania zikapata vitano vitano, Italia na Uholanzi vitatu vitatu. Bunge likashuka kutoka wajumbe 751 hadi 705. Lakini tazameni makundi. EPP, lisilokuwa na Mwingereza hata mmoja, halikupoteza kitu. Lilipanda kutoka 182 hadi 187. Wasoshalisti, waliokuwa na watu 10 wa Labour, walishuka kutoka 154 hadi 148, na waliberali kutoka 108 hadi 97. Yaani hasara iliwaangukia khasa rafiki za wale Waingereza waliotaka kubaki. Chama cha Brexit chenye viti 29 kilikuwa hakina kundi, basi kilipoondoka hakikumwachia mtu pengo.

Nchi nazo zilionja. Julai 2020 Umoja ulikubaliana kukopa kwa pamoja fedha za euro bilioni 750. Uholanzi, Austria, Sweden na Denmark walipinga, wakaweza kupunguza sehemu ya misaada kutoka bilioni 500 hadi 390, basi. Twaamini Uingereza ingalikuwamo, wangalipunguza zaidi.

Je, wengine walifuata? Mpaka leo hakuna nchi nyingine iliyotoka. Marine Le Pen wa Ufaransa aligombea mwaka 2017 akitaka kura ya kutoka, akashindwa. Kufikia mwaka 2019 alikuwa akisema atabadilisha mambo akiwa ndani. Na lile kundi la ECR lingaliko, tena limekua, ila Mwingereza hamna.

Upepo ulitufikia na sisi. Julai 2016 Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa biashara baina ya Afrika Mashariki na Ulaya, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kura ile ya Waingereza. Kenya mwishowe ilipata mkataba wake peke yake, ulioanza Julai 2024.

Liko jambo moja Ulaya walilifanya vyema: mgawanyo wa viti waliuamua katikati ya mwaka 2018, Uingereza ingali ndani. Sisi, katiba yetu haisemi kiti cha tawi lililotoka kinakwenda kwa nani, wala wajumbe wake wa kamati wanakaa mpaka lini. Kamati imeomba jambo hilo lijadiliwe kwanza katika mkutano mkuu, kabla ya hoja ya tawi kupigiwa kura. Wanaotaka kusema, upande wowote, walete majina yao ofisini mapema.