Fahamu: Kwa nini mawese hupauka juani?

Katika masoko ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mawese huuzwa kwa chupa na kwa madumu. Chupa inayoonyesha ndani ikikaa juani siku nyingi, wekundu wa mafuta hufifia. Kinachopotea si rangi tu.

Wekundu huo ni nini?
Ni karotini, hasa beta-karotini: antioksidanti ya asili ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese ghafi huwa na takriban miligramu 500 hadi 700 za karotini.

Mwanga hufanya nini?
Molekuli ya beta-karotini ina atomu 40 za kaboni, na umbo lake limenyooka kama ufito. Vifungo vyake maradufu hunyonya mwanga wa buluu, ndiyo maana jicho huona rangi ya chungwa. Nishati hiyo ikiingia, kifungo kimoja huweza kujizungusha, ufito ukapinda. Atomu ni zilezile ila umbo ni jingine, nalo hutoa vitamini A kidogo zaidi. Oksijeni ikijiunga na molekuli hiyo, mnyororo wake wa kaboni hukatika na rangi hupauka.

Kwa nini sasa?
Tangu 2018 serikali ya Tanzania inahimiza upya kilimo cha michikichi, miti inayotoa mawese, mkoani Kigoma, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) huzalisha miche bora. Ndiyo maana kujua kuyahifadhi mawese kuna umuhimu zaidi sasa.

Ufanye nini?
Tumia dumu lisilopitisha mwanga, lijaze hadi shingoni ili oksijeni ibaki kidogo, lifunge, liweke kivulini. Na usiyaunguze mawese jikoni mpaka yawe meupe: moto mkali nao huiua karotini.