Betri ya sola katika gari la kambi: Bei ya dukani si gharama halisi

WANAOGEUZA vani kuwa makao ya safari, kwa kuiwekea kitanda, jiko, friji ndogo na paneli ya sola juu ya paa, aghalabu huhesabu kwa makini bei ya kila kifaa isipokuwa betri. Betri hukumbukwa mwisho, fedha zikiwa zimekwisha kupungua. Hapo mwenye gari huambiwa kwamba betri yoyote ya volti 12 itafaa, naye huchukua ile ya bei nafuu. Baada ya miezi michache taa huanza kufifia mapema usiku, na maziwa ya mtoto au dawa ya insulini iliyohifadhiwa katika friji huharibika.

Mkazi wa Ruiru ana sababu nzuri ya kutaka gari la aina hii. Akipitia Thika na kushika barabara ya Garissa, hafiki mbali kabla ya kuona maporomoko ya Fourteen Falls katika Mto Athi na Mbuga ya Ol Donyo Sabuk. Akielekea kaskazini, barabara humfikisha Mlima Kenya, Samburu na hata Turkana. Lakini mahali pengi pa kupigia kambi hapana umeme, na anayelala huko hutegemea kile alichokibeba. Kwa hivyo yafaa ajue anachonunua kabla ya kutoa fedha zake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba betri zenye umbo moja na volti sawa huweza kuwa zimeundwa kwa kazi mbili tofauti kabisa. Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba ya risasi. Wembamba huo huipa uwezo wa kutoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache, kisha altaneta hurejesha mara moja kiasi kidogo kilichotumika. Haikuundwa ili itumike usiku kucha hadi ikaribie kuisha. Ikifanyiwa hivyo mara kwa mara, mabamba yake humomonyoka na betri hufa.

Betri ya sola, ile ambayo wauzaji na mafundi huiita ‘dipu saiko’, yaani ya mzunguko wa kina, ina mabamba manene. Haiwezi kutoa kishindo cha umeme kama betri ya injini, lakini hustahimili kutumika polepole kwa saa nyingi na kujazwa tena, siku baada ya siku. Kutumika na kujazwa tena ndiko kunakoitwa mzunguko. Uhai wa betri ya sola hupimwa kwa idadi ya mizunguko, na pia kwa kina ambacho betri hushushwa katika kila mzunguko.

Mazoea ya kuichukua betri ya gari na kuifanya ya sola yana historia ndefu nchini Kenya. Kabla ya sola kuenea, familia nyingi za mashambani zilitazama televisheni kwa betri ya gari iliyobebwa hadi mjini kwenda kuchajiwa. Katika miaka ya 1980, wakulima wa kahawa na majani chai katika maeneo ya Mlima Kenya walipoanza kununua paneli, waliziunganisha na betri zizo hizo. Zilifanya kazi, ila kwa muda mfupi. Leo betri bora zinapatikana, lakini mazoea yale yangalipo.

Kabla ya kwenda dukani, mwenye gari achukue kalamu na karatasi. Aandike kila kifaa, wati zake na saa kitakazofanya kazi kwa siku, kisha azidishe. Tuchukue mfano wa familia ndogo. Friji ya volti 12 inayotumia wati 40, ambayo injini yake huzunguka jumla ya saa 10 kwa siku, hutumia wati-saa 400. Taa 3 za wati 5 kwa saa 4 hutumia 60. Kuchaji simu 3 ni kama 45. Kompyuta ya mkononi ya wati 60 kwa saa 2 ni 120. Pampu ya maji ya wati 60 kwa robo saa ni 15. Jumla ni wati-saa 640. Ukigawanya kwa volti 12, unapata takriban ampea-saa 53 kwa siku.

Hesabu haiishii hapo, kwa maana jua halichomozi kila siku kwa kiwango kimoja. Anayeishi Ruiru anajua jinsi mwezi Julai unavyoweza kupita kwa baridi na mawingu, jua likionekana kwa saa chache tu. Kwa sababu hiyo ni busara kupanga akiba ya siku 2 bila jua. Ampea-saa 53 mara 2 ni 106.

Sasa swali la kina. Betri ya risasi hudumu zaidi isiposhushwa chini ya nusu ya uwezo wake. Kwa hivyo ampea-saa 106 zahitaji betri za jumla ya takriban ampea-saa 212, sawa na betri 2 za 100 kila moja, mradi familia ijibane kidogo siku ya pili. Betri ya lithiamu huweza kutumika hadi asilimia 80 bila madhara, hivyo hesabu iyo hiyo yaangukia 133, na betri ya ampea-saa 150 itatosha.

Paneli nayo ilingane na betri. Tukichukua saa 4 za jua kamili kwa siku, na tukikubali kwamba karibu thuluthi moja ya umeme hupotea kwa joto, vumbi na nyaya, wati-saa 640 zahitaji paneli ya takriban wati 230. Ya 250 yafaa. Betri kubwa yenye paneli ndogo haijai kamwe. Betri ya risasi isiyojaa hushikwa na ugando wa salfeti juu ya mabamba, na uwezo wake hupungua hata ikiwa imetumiwa kwa uangalifu.

Aina za betri zilizoko ni tatu kwa jumla. Ya kwanza ni ya risasi yenye asidi ya majimaji, ambayo huhitaji kuongezwa maji safi ya betri mara kwa mara. Ni nafuu, lakini inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, na asidi huweza kumwagika katika barabara mbovu. Haifai kuwekwa chini ya kitanda ambamo watu hulala. Ya pili ni ya risasi iliyofungwa, ama ya jeli, ama ile yenye alama ya AGM, ambayo asidi yake imefyonzwa na mkeka wa nyuzi za kioo. Hii haimwagiki wala haihitaji maji, nayo yafaa gari, ingawa betri moja ya ampea-saa 100 huwa na uzani wa takriban kilo 30.

Ya tatu ni ya lithiamu. Aina inayopendekezwa kwa makao ni ile ya fosfeti ya chuma, ambayo ni tulivu zaidi mbele ya joto kuliko lithiamu za aina nyingine. Ya ampea-saa 100 huwa na uzani wa takriban kilo 12. Lazima iwe na mtambo wa ndani wa kuilinda dhidi ya kujazwa kupita kiasi na kushushwa kupita kiasi. Tena haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, jambo la kukumbukwa na wanaolala juu katika Mlima Kenya.

Joto jingi nalo ni adui. Kwa betri ya risasi, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hukatwa karibu nusu. Betri iliyodumu vyema katika hewa ya Ruiru haitadumu vivyo hivyo Lodwar au Mombasa, hasa ikifungiwa karibu na injini.

Tukirudi kwenye fedha, swali la kuuliza ni gharama ya kila uniti ya umeme ambayo betri itatoa maishani mwake. Tuseme, kwa mfano tu wala si kwa bei za soko, kwamba betri ya injini ya ampea-saa 70 yauzwa Sh12,000 na yafa baada ya kushushwa nusu mara 60. Itakuwa imetoa uniti 25, kila moja kwa takriban Sh480. Betri ya sola ya risasi ya ampea-saa 100 kwa Sh25,000, ikishushwa nusu mara 500, hutoa uniti 300 kwa Sh83 kila moja. Ya lithiamu ya uwezo huo kwa Sh60,000, ikitumika asilimia 80 mara 2,500, hutoa uniti 2,400 kwa Sh25 kila moja. Ile iliyoonekana nafuu ndiyo ghali kuliko zote. Hata hivyo, anayepiga kambi mara chache kwa mwaka huenda asiifikie mizunguko 2,500, naye aweza kuridhika na betri nzuri ya risasi.

Dukani, msomaji asome maandishi yaliyo juu ya betri. Betri ya risasi hutoa ampea-saa nyingi zaidi ikitumiwa polepole. Kwa hivyo ‘200’ iliyopimwa kwa saa 100, inayoandikwa C100, ni ndogo kuliko ‘200’ iliyopimwa kwa saa 20, yaani C20. Alinganishe vipimo vya aina moja. Atafute pia tarehe ya kutengenezwa, kwani betri ya risasi iliyokaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa huwa imeanza kuharibika. Na ainyanyue: betri ya risasi iliyo nyepesi mno haiwezi kuwa na uwezo ulioandikwa.

Wakati wa kuifunga, betri ya makao itenganishwe na ya injini, ili friji isije ikawaacha wasafiri porini na gari lisilowaka. Kidhibiti chaji kiwekwe kulingana na aina ya betri, kwani volti zinazofaa jeli si zile zinazofaa lithiamu. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, maana waya mnene ukigusana na bodi ya gari huweza kuwasha moto. Kazi hii yafaa ifanywe na fundi mwenye leseni ya sola inayotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Mwisho, betri iliyokufa isitupwe wala isipasuliwe nyumbani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji anayezikusanya kwa njia halali. Wengine hupunguza hata bei ya ile mpya.