Tutembee Milimani kwa Afya Yetu

Presha na kisukari vimeingia katika familia zetu nyingi. Kinga mojawapo haina bei: kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa kasi, angalau dakika 150 kwa juma.

Sisi wa Lushoto tumejaliwa. Baada ya Misa tunaweza kwenda na watoto hadi Irente, penye jabali linalotazama tambarare za Mazinde. Wazee watangulie, vijana wafuate mwendo wao; mwendo mzuri ni ule unaomruhusu mtu kuzungumza. Tuchukue maji na sweta. Anayetumia dawa za presha asiziache. Anayebanwa na kifua asiendelee kupanda. Apumzike na awahishwe hospitali.