Samaki ana kosa gani? Neno 'fishy' na watu wa ziwani

MWANAFUNZI wa Kisumu anapokutana na neno la Kiingereza 'fishy' kwa mara ya kwanza, ana haki ya kushangaa. Kwao samaki ni kitoweo, ni karo, ni sare ya shule. Iweje basi Mwingereza akitaka kusema kwamba jambo fulani halimwingii akilini, amtaje samaki?

Neno hilo lina maana mbili. Ya kwanza ni ya wazi: kitu chenye harufu au ladha ya samaki. Kisu kilichopasulia ngege chaweza kuelezwa hivyo. Ya pili ni ya nahau, nayo husikika sana: jambo la kutiliwa shaka, lenye dalili za hila ingawa hakuna aliyethibitisha lolote. Matumizi hayo yamo katika Kiingereza tangu karne ya 19.

Tuseme mtu anakuuzia simu mpya kwa nusu ya bei, hana risiti, na hataki mkutane dukani. Mwingereza atasema, 'There is something fishy here.' Mswahili atasema, 'Hapa pana jambo,' au, 'Hii si bure.' Samaki hana haja ya kutajwa. Mwanafunzi atakayeandika 'hapa pana kitu cha kisamaki' atachekesha darasa zima na kupoteza alama.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, hili ni neno la mazungumzo. Katika barua rasmi, 'suspicious' hufaa zaidi. Pili, ni neno la shaka, si la hukumu. Mwizi akishakiri, hapana 'fishy' tena. Huo ni wizi mtupu.

Harufu ya nini?

Ukienda ufuo wa Dunga au soko la Jubilee, utajifunza jambo ambalo kamusi haisemi. Samaki aliyetoka majini asubuhi hanuki vibaya. Macho yake hung'aa, matamvua yake ni mekundu, na nyama ukiibonyeza hurudi mahali pake. Harufu mbaya huja anapoanza kuoza. Omena waliokaushwa juani wana harufu yao, lakini hiyo ni harufu ya chakula. Basi nahau ya Mwingereza ukiitazama vyema inamfaa samaki aliyelala, si samaki kwa jumla.

Waswahili nao wana lao: samaki mmoja akioza, huoza wote. Watu wa ziwa hili waliuona ukweli wa methali hiyo mwaka wa 1999. Mwezi Machi mwaka huo, Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hofu kwamba kulikuwa na watu waliovua kwa kutia sumu ya wadudu majini. Mbuta, aliyekuwa akitegemewa sana katika biashara ya ng'ambo, akakosa soko hilo. Mvuvi mwaminifu, ambaye hakuwahi kushika chochote ila wavu na ndoana, aliumia pamoja na mkosaji mpaka masoko yalipofunguliwa tena. Shaka ikishaingia, haichagui.

Hapo ndipo penye funzo kwa familia zetu. Mzazi ukimsikia mwanao akimwita mwenzake 'fishy' kwa sababu mamake huuza omena, usicheke. Mkanye. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mashua zinapotia nanga asubuhi, mama huyo huwa ameshafika ufuoni na beseni lake. Hapana hila katika kazi hiyo. Isitoshe, mtoto huyo atakuwa amelitumia neno vibaya, maana nahau hii huhusu mwenendo unaotia shaka, si kazi ya mtu wala nguo yake.

Nanyi wanafunzi, litumieni neno hili, kwani ni zuri na lina utamu wake. Lakini mnapolitamka, mkumbuke desturi ya mnunuzi wa Dunga. Yeye hamkatai samaki kwa kumtazama kwa mbali. Kwanza humfunua matamvua, akaona, ndipo akasema.