Chuma Kinachoinua Mlango
Huko Marekani nyumba nyingi zina chumba cha motokari. Mlango wake haufunguki kama mlango wa darasa: unapanda juu na kulala chini ya dari. Mara nyingi uzito wake wapita kilo 70, lakini mama huuinua kwa mkono mmoja. Nguvu hiyo yatoka wapi?

Yatoka katika resori. Resori ni waya nene ya chuma iliyozungushwa mara nyingi, kama kamba juu ya kijiti. Mlango ukishuka, resori inakazwa. Mlango ukipanda, resori inalegea na kuuvuta juu kwa kamba za chuma.

Lakini chuma nacho huchoka. Kila inapokazwa na kulegea, ufa mdogo usioonekana huzidi kukua, kutu huuharakisha. Resori ya kawaida hutengenezwa iweze kufungua na kufunga mara 10.000 hivi. Ukifunguliwa mara nne kila siku, hesabu: haifiki miaka saba.

Ndipo inakatika kwa kishindo kama cha bunduki, na mlango unakuwa mzito ghafula. Mwenye nyumba asiuinue, wala asiguse resori ya pili. Hiyo ingali imekazwa. Yaweza kuvunja mkono, hata kuua. Amwite fundi. Fundi hutumia vyuma viwili vinavyoenea sawasawa katika matundu yake, kwa maana bisibisi huteleza. Hubadilisha resori zote mbili, kwani zilianza kazi siku moja. Mchoyo hubadilisha moja, kisha humwita fundi tena.

Mwishoni fundi huinua mlango mpaka nusu na kuuachia. Ukikaa pale pale, resori zimekazwa vema.