Mchicha Unakunywa Madumu Mangapi?

Oktoba 2022 kina cha mto Ruvu kilishuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Mgao kama ule ukirudi, mwenye bustani uani huanza kuwatupia jicho wauza maji wa mikokoteni. Kabla hajalipa, apige hesabu.

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwenye joto la kiangazi, mboga zilizofunga majani hutumia kama milimita 5 kwa siku. Matuta manne ya mita 1 kwa 5 ni mita 20 za mraba, yaani lita 100: madumu 5 kila siku.

Hayo ni yale yanayofika kwenye mizizi tu. Makadirio ya FAO ni kwamba maji yakiachwa yatiririke juu ya udongo, yanayofaa mmea ni asilimia 60 hivi. Kwa umwagiliaji wa matone, 90. Basi mpira uliolazwa kwenye tuta unageuza madumu 5 kuwa 8 na ushei, wakati matone yanataka 5 na nusu. Tuseme dumu ni shilingi 500: tofauti inapita 40,000 kwa mwezi.

Lakini hata hayo matone yanakula kama 83,000 kwa mwezi. Kwa mchicha? Gengeni ni nafuu. Ndiyo maana naona hatua ya kwanza ni kupunguza matuta, vifaa baadaye. Matuta mawili, gharama nusu.

Yaachwe yapi? Yale uliyotaka kusia leo. Mbegu zikiwa ndiyo kwanza zimesiwa, karibu maji yote yanayopotea huondoka na jua kutoka kwenye udongo mtupu. Majani yakishafunga tuta, zaidi ya asilimia 90 hupitia kwenye mmea wenyewe. Kwa hiyo kusia wakati wa ukame ni kumwagilia jua. Bakiza sukuma wiki na bilinganya zilizokwisha kushika.

Penye nafasi kati ya miche, tandaza nyasi kavu. Kwa kanuni ya FAO, kila asilimia 10 ya udongo inayofunikwa hupunguza mvuke wa udongo kwa asilimia 5 hivi. Ukifunika wote, umeokoa nusu ya mvuke huo. Ukimaliza kumwagilia, penyeza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na vumbi nchani, maji yameishia juu na jua litayachukua kabla ya adhuhuri. Afadhali mara chache kwa wingi kuliko kunyunyiza kila jioni.

Mvua ya kupita nayo isidharauliwe. Bati la mita 30 za mraba likipata milimita 10, hata moja ya tano ikipotea, hukusanya lita 240. Ni madumu 12, na kwa matuta mawili ya matone hayo ni maji ya siku nne.