Nani Aliyezama?

Kijana wa Diani aweza kuzungumza Kiingereza na mtalii ufuoni pasipo kigugumizi, kisha akashindwa na kifungu cha kusoma katika mtihani. Wazazi wengi hapa Kwale hudhani amekuwa mvivu. Sivyo. Kiingereza cha ufuoni huenda kwa sentensi fupi, bali kile cha mtihani hupenda kutia sentensi moja ndani ya tumbo la nyingine.

Tutazame mfano katika lugha yetu: “Mashua ya mvuvi aliyeonywa na wazee wa Gazi ilizama.” Hapana awezaye kukosea. “Aliyeonywa” ni mvuvi, na “ilizama” ni mashua; kila kitendo kimefungwa kamba na mwenyewe. Kidigo nacho hufanya vivyo hivyo. Lakini katika Kiingereza neno la kuzama ni lile lile, azame mtu au mashua. Basi mwanafunzi mwenye haraka hushika jina lililo karibu, akaandika kuwa wazee wa Gazi ndio waliozama!

Katika KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, mtoto aliwekewa majibu manne achague moja, na pengine bahati ilimwokoa. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE huandika jibu mwenyewe, na mara nyingine hutakiwa kuandika sentensi upya bila kubadili maana.

Yafaa basi afanye zoezi mapema. Apige mstari chini ya kila kitendo, aulize ni cha nani, kisha akiandikie sentensi yake fupi, kwa Kiingereza: Wazee walimwonya mvuvi. Mvuvi alikuwa na mashua. Mashua ilizama.

Wako wasemao kwamba kurahisisha ni kukata maneno tu. Mimi sikubaliani nao. “Mvuvi hatalipwa asipoleta risiti” ukiikata ikabaki “Mvuvi hatalipwa”, umemdhulumu mvuvi. Maneno ya sharti, ya sababu na ya wakati yasiguswe mpaka maana yake imeshikwa.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye aweza kusaidia. Jioni, hapo barazani, mtoto asome sentensi, aseme kwa Kiswahili ni jambo gani lililotendeka, na mzazi amwulize: “Nani?” Akisitasita, arudi kwenye kitabu.